Baba, Bahari Iko Wapi?



Mara hii tunaanza na kisa cha mume na mke wa Ikutha, kule Kitui ya kusini. Wenyewe wameturuhusu kukisimulia ili kiwafae wengine, ila majina yao tunayahifadhi. Mume ni karani katika yadi moja ya makontena huko Changamwe, Mombasa. Mke anakaa nyumbani Ikutha pamoja na watoto watatu. Analima, anafuga mbuzi wachache, na anamtunza mama mkwe wake. Ndoa za namna hii ni nyingi Ukambani. Siku hizi barabara ya kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi ina lami, na mtu akifika Kibwezi hupata basi au gari-moshi la Mombasa. Safari imekuwa fupi. Lakini njia ikifupika, si lazima mioyo nayo ikaribiane.

Miaka michache iliyopita, katika likizo ya Agosti, mama aliwachukua watoto akaenda nao kwa baba yao. Walikaa wiki tatu katika chumba kimoja cha kupanga. Baba aliondoka alfajiri, akarudi usiku watoto wamelala. Jumapili walikwenda Misa ya kwanza pamoja, kisha baba akalala mpaka jioni. Mlango ulifungwa kwa sababu nje malori yalipita mchana kutwa. Watoto walitazama televisheni. Changamwe iko upande wa bara, na basi la kwenda Kibwezi hupandwa huko huko bila kuvuka Makupa kuingia kisiwani. Basi siku ya kurudi, wakiwa kituoni na mizigo yao, mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, alimvuta baba yake suruali akamwuliza, "Baba, bahari iko wapi?"

Baba alicheka, akamwambia ataiona mara nyingine. Mama hakucheka. Usiku ule, alipofika nyumbani, walizozana kwa simu mpaka salio likaisha.

Je, nani alikuwa na haki?

Hebu tuzisikilize pande zote mbili. Mume alisema hivi: "Mshahara wangu umekwisha kugawanywa kabla sijaushika. Kuna karo, kuna chakula, kuna dawa za mama yangu, kuna kodi ya chumba. Ukame ulitumalizia mbuzi, na sasa tunaanza kununua mmoja mmoja. Nitawezaje kuwapeleka watoto kustarehe ufukoni, wakati nyumbani maji yananunuliwa kwa mtungi? Mimi nimewanyima nini? Ninavunjika mgongo kwa ajili yao."

Mke naye alijibu kwa maneno machache: "Karo inafika kwa simu kila muhula, na ninakushukuru. Lakini wewe mwenyewe hufiki."

Msidhani mume huyu ni mtu mbaya. Hanywi pombe, hana mwanamke wa pembeni, hajawahi kukosa kutuma fedha. Wengi wetu tungemsifu. Ndiyo maana kisa chake chastahili kutafakariwa. Tungekuwa tunazungumza juu ya mlevi, jibu lingekuwa rahisi. Hapa swali ni gumu zaidi: Je, mzazi mwema, mwenye kipato kidogo na mizigo mingi, anawiwa na watoto wake siku ya kucheza na kutembea pamoja nao? Au mchezo ni ziada tu, kitu cha matajiri, ambacho maskini akikikosa hana hatia?

Uta usiolegezwa

Watu wengi hufikiri kwamba Kanisa limeagiza kazi na sala, na kwamba mchezo limeuvumilia tu. La hasha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake kikuu. Alifundisha, akimfuata Aristotle, kwamba kuna fadhila katika kucheza kwa kiasi. Mchezo ukipita kiasi ni dhambi. Lakini alisema pia kwamba kukosa mchezo kabisa ni kosa: mtu asiyejiburudisha kamwe, na tena akawa mzigo kwa furaha ya wenzake, huenda kinyume cha akili aliyopewa na Mungu.

Katika mafundisho hayo alikumbusha kisa cha zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu fulani walimkuta mzee huyo akicheza pamoja na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwita mmoja wao aliyekuwa na uta, akamwambia apige mshale. Akapiga. Akamwambia apige tena, na tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba uta ungevunjika. Ndipo Yohane akamweleza kwamba roho ya mwanadamu nayo ni hivyo hivyo: ikivutwa siku zote bila kulegezwa, itavunjika.

Ninapenda kisa hiki kisomwe Ikutha kuliko mahali pengine popote, kwa maana sisi Wakamba tunaujua uta. Wazee wetu walikuwa wawindaji, na walijua kwamba uta haulali na kamba yake imekazwa. Jioni hulegezwa ukatundikwa. Haukulegezwa kwa sababu ya uvivu, bali kwa sababu kesho yake ulihitajika. Basi yule karani wa Changamwe, anayesema anavunjika mgongo kwa ajili ya watoto, asikie maneno haya kama maneno ya huruma: ndugu yetu, wewe ndiwe uta. Na uta ukivunjika, karo italipwa na nani?

Deni linatoka wapi?

Mtu anaweza kusema: "Nimekubali kwamba mchezo ni mwema. Lakini mambo mema ni mengi, na si yote ninayodaiwa." Ni kweli. Kwa hiyo yatupasa kuonyesha deni lenyewe linatoka wapi.

Tazama mtoto wa miaka sita pale Ikutha. Hakuna mtu anayemlipia mchezo, wala hana ratiba ya burudani. Asubuhi anawafuata mbuzi pamoja na ndugu zake, anapanda miti, anatupa mawe, anachimba mchanga wa mto mkavu mpaka aone maji yakichuruzika. Jioni susu wake, yaani nyanya yake, anamsimulia hadithi. Mwili wake wafanya kazi mchana kutwa, na hayuko peke yake hata kidogo. Kijiji kimempa mchezo kama vile mbingu inavyompa jua.

Sasa mpeleke mtoto yule yule katika chumba cha kupanga mjini. Mbuzi hawapo, mto haupo, susu hayupo, na nje kuna malori. Aliyemwondoa katika mchezo ule ni nani? Ni mzazi, tena kwa sababu njema. Lakini mtu akikuondolea kitu chako, hata kwa sababu njema, anabaki na wajibu wa kukurudishia kilicho sawa nacho. Ndiyo maana nasema kwamba mjini matembezi ya familia ni deni, wala si zawadi. Kijijini mchezo hujileta wenyewe. Mjini usipopangwa haupo.

Dunia nzima imekiri jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Na miaka mingi kabla ya mikataba, nabii Zekaria, katika sura ya nane, alipotaka kueleza jinsi Yerusalemu utakavyokuwa Mungu akiurudia, alitaja wazee wameketi katika njia zake, na wavulana na wasichana wakicheza humo. Mji uliobarikiwa, machoni pa nabii, si mji wenye majumba marefu. Ni mji ambao watoto wanacheza ndani yake.

Na wale wanaokosa chakula?

Hapa ndipo dhamiri ya yule baba ilipouma, na kwa haki. Katika sehemu kame za Kenya mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022. Mtu aliyeona mifugo ya wazazi wake ikianguka mmoja baada ya mwingine hawezi kutumia shilingi kwa wepesi. Wala hatumwambii amnyime mama yake dawa ili anunue tiketi za mchezo. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haina likizo.

Lakini tuchunguze vizuri. Mume alichanganya mambo mawili: kucheza na kutumia fedha. Alipofikiri juu ya furaha ya watoto, aliona hoteli, soda, chipsi, na picha za kulipia. Akaona hana uwezo, akaacha yote. Mke hakuomba hata kimoja cha hivyo. Mtoto naye hakuuliza, "Baba, hoteli iko wapi?" Aliulizia bahari, na bahari haina mlango wa kulipia. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Alichokosa baba hakikuwa mfukoni. Kilikuwa saa nne za Jumapili moja.

Tukisema ukweli, wengine wetu hupenda kujificha nyuma ya mizigo ya jamaa. Kutuma fedha ni rahisi kuliko kukaa na mtoto anayeuliza maswali. Fedha ukishazituma, kazi imekwisha. Mtoto ukishaanza kumsikiliza, ndiyo kwanza kazi imeanza. Hayati Papa Fransisko alizoea kuwauliza wazazi kama wanacheza na watoto wao, na aliwahimiza wakubali "kupoteza" wakati pamoja nao. Wakati wa namna hiyo kwa hesabu za yadi umepotea. Kwa hesabu za familia umewekwa akiba.

Matembezi yasiwe adhabu kwa mama

Mkinisoma, akina mama, msifikiri lawama ni za waume tu. Na ninyi waume, msifikiri kwamba ukishasema "twendeni" umemaliza wajibu wako. Nimeona matembezi mengi ambayo mama ameamka saa kumi za usiku kupika, akawavalisha watoto, akabeba kikapu na mtoto mgongoni, na kule ufukoni akagawa chakula, akafua nguo zenye mchanga jioni. Baba alibeba simu. Baadaye alisimulia kazini kwamba familia yake ilistarehe sana.

Huo si mchezo wa familia. Ni mchezo wa watu wanne unaoendeshwa kwa jasho la mmoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yatufundisha kwamba Jumapili ni siku ya kuwapa jamaa zetu wakati na uangalizi, na tena kwamba kila mtu apate pumziko la kutosha. Kila mtu, pamoja na mama. Basi kabla ya kutoka, gawaneni kazi: nani atabeba maji, nani atamshika mdogo mkono, nani atafua. Mume akiosha sufuria za isyo jioni, mkewe atakumbuka bahari kwa furaha.

Kwa upande wake mke naye aulinde uchovu wa mume. Mtu aliyesimama yadini siku sita si mvivu akilala Jumapili. Mwacheni alale Jumapili moja, Jumapili nyingine mtembee. Hili huamuliwa na wawili kwa utulivu, mapema, wala si kwa simu usiku wa manane.

Siku moja Mombasa

Wenzetu wa Ikutha walifanyaje? Likizo ya Desemba mama alirudi na watoto, na safari hii walikuwa wamekwisha kukubaliana: siku mbili za kutembea katika wiki tatu, nauli za matatu tu, na chakula kutoka nyumbani. Nawaelezeni siku ya kwanza, kwa kuwa inaweza kuigwa.

Walitoka mapema, jua halijawa kali. Walisali Misa katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah, kisha wakatembea kwa miguu hadi Fort Jesus. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikawa gereza wakati wa Waingereza hadi mwaka 1958, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hawakuingia ndani, maana bajeti ilikataa. Walizunguka kuta zake kwa nje, na baba akawapa watoto shindano la kuhesabu hatua. Kutoka hapo walikwenda kwenye bustani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2019, penye mibuyu mikubwa na upepo wa bahari. Watoto walikimbia kuizunguka mibuyu mpaka wakachoka. Wakala chapati na isyo, wakanunua mihogo ya kukaanga ya bei ndogo.

Ndipo meli kubwa ikapita mbele yao kuingia bandari ya Kilindini, imejaa makontena ya rangi zote. Baba akasimama, akawaonyesha: "Yale masanduku ndiyo ninayoyaandika kila siku." Mtoto mkubwa akamwuliza, "Yote?" Wakaanza kuhesabu pamoja. Kwa mara ya kwanza watoto waliona kwa macho yao kile kinachomchukua baba yao tangu alfajiri. Baba alituambia kwamba hiyo ndiyo saa aliyolipwa kweli katika miaka yake yote ya ukarani.

Baadaye walikwenda kupanda feri ya Likoni, wakavuka na kurudi kwa ajili ya furaha ya kuvuka tu, kwa maana waendao kwa miguu hawalipi. Na hapo msongamano ulimtenga yule mdogo na mkono wa mama. Kwa muda wa dakika kumi hawakumwona. Mama alifungua kinywa kumlaumu mumewe, na mume alikuwa amekwisha kuandaa maneno yake: "Nilikuambia hawa wakae nyumbani!" Lakini hakuna aliyeyasema. Waligawana njia, huyu huku, huyu kule. Walimkuta kwa mwuza madafu, akinywa dafu la bure.

Mwinjili Luka asimulia kwamba Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka. Hata Familia Takatifu ilifunga safari ya pamoja kwenda mji mkubwa. Na huko walimpoteza mtoto wa miaka kumi na miwili kwa siku tatu. Maria alipompata, alimweleza kwamba baba yake na yeye walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Hakusema "mimi nilikutafuta", wala hakusema "baba yako alikuacha". Aliwataja wote wawili pamoja. Wanandoa, hapo ndipo mtakapopimwa: siku mambo yanapoharibika, je, mnatafuta mtoto au mnatafuta mkosaji?

Siku ya pili walikwenda ufuko wa watu wote wa Bamburi. Nawaonya wenzangu wa bara: mto wa mchanga tunaujua, bahari hatuijui. Hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda zaidi ya mita tatu. Mahali mtoto alipochezea saa nne asubuhi panaweza kuwa kina kirefu saa nane. Waulizeni wavuvi, mmoja wenu awe macho siku zote, chukueni kofia na maji ya kunywa, na jua la mchana likwepeni kivulini.

Karibu na hapo iko Haller Park, ambako huingiwa kwa malipo. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi tupu isiyoota kitu. Tangu mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje, akaleta majongoo wa kuyasaga majani yawe udongo, na leo ni msitu. Mama wa Ikutha, aliyezoea kuiangalia ardhi kavu, alisimama pale kuliko watoto. Watoto wao walipenda kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Desemba 2004 baada ya kutengwa na mama yake, akaletwa hapo, akamfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mlezi wake.

Wapendwa, hatusemi kwamba siku mbili zimemaliza deni lote. Mume bado anakaa mbali, na umbali huo ni mzigo ambao matembezi hayauondoi. Lakini mtoto yule, alipoulizwa na susu wake ameona nini Mombasa, hakutaja bahari kwanza. Alisema, "Nilimwona baba akikimbia."

Maswali ya kujadiliana mume na mke:

1. Ni lini mara ya mwisho watoto wetu walituona tukicheza, sisi wawili pamoja nao?

2. Tunaposema "hatuna uwezo", je, tunamaanisha fedha, au wakati, au moyo?

3. Katika matembezi yetu, nani huchoka zaidi, na tutagawanaje mzigo huo?

4. Ni siku gani, katika likizo ijayo, tunayoiandika leo kwenye kalenda?